Tabibu Aliyekagua Vyoo Saa Saba Mchana

Watu walionisaidia kufika hapa nilipo ni wengi, na karibu wote wamenikumbusha msaada wao mara nyingi kiasi kwamba nimeamua kuwasahau. Huyu mmoja hakunikumbusha hata siku moja, ndiyo maana namwandika. Kuandika si kazi yangu. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililiacha njiani. Lakini leo nina nyumba tatu Mbinga mjini, moja ina ngazi za ndani. Nina mashine ya kusaga Kitai, na malori yangu mawili yanabeba makaa ya mawe kutoka Ngaka. Walionicheka darasani wananisalimia wao kwanza. Kwa hiyo nikiandika vibaya, na wasome hivyohivyo.

Tulimwita Tabibu. Alikuwa mganga wa zahanati ya kijiji chetu, huko milimani juu ya Mbinga, na alikaa kwetu miaka mingi kuliko mapadre watatu waliopokezana parokia. Ukimwita Daktari alikukatiza: "Daktari yuko Songea. Mimi ni Tabibu." Lakini ukimwita Tabibu bila kutanguliza Bwana, alikusahau kwenye foleni mpaka jioni. Mwembamba, mrefu, suti ya kaunda ya kijivu iliyopauka mabegani. Saa yake ilikatika mkanda zamani, akawa anaiweka mfuko wa shati na kuitoa kama mtu anayetoa kifaranga. Siku nyingine alikuja kazini amejifunga kitambaa cheupe kichwani, kimekazwa mpaka nyusi zimepanda. Sisi tulidhani ni mtindo. Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na ubani ulipoanza kufukizwa alitoka nje. Padre alisema Tabibu ana imani haba.

Alikuwa na maneno yake. Ukienda na jino, na kidonda, na mimba, swali la kwanza lilikuwa moja: "Umekula?"

"Nimekunywa chai, Bwana Tabibu."

"Nimekuuliza chai?"

Hilo la "nimekuuliza chai" lilienea kijiji kizima. Watoto walilitumia wakichunga mbuzi. Mtu akiulizwa shamba limelimwa, akasema jembe ameshalinoa, anajibiwa, "Nimekuuliza chai?"

Sasa nieleze sengu, maana bila sengu hamtamwelewa. Kwetu Wamatengo, wanaume wa ukoo mmoja hula pamoja kwa mzee wa ukoo. Kila mke anapika kwake, analeta sahani yake, sahani zote zinawekwa katikati, na mnakula wakubwa kwa wadogo. Hapohapo ndipo ugomvi unapoamuliwa na mvivu anapotajwa jina. Hiyo ndiyo sengu. Ya kwetu ilikuwa kwa baba yangu, na ugali ulifika saa saba mchana.

Na saa saba mchana, kwenye sengu hii au ile, lazima Tabibu atokee.

"Hodi wazee. Nimekuja kukagua vyoo."

Alikwenda nyuma ya nyumba. Choo alikikagua dakika mbili. Akarudi, akanawa, akakaa, na ugali akaukagua nusu saa. Kesho yake alikagua vyoo vya ukoo mwingine. Alikuwa na zamu kama za mlinzi. Baba yangu, ambaye alipenda utani kuliko nyama, alimwambia siku moja, "Bwana Tabibu, choo chetu kimehamia kwenye sahani?"

"Mzee," akajibu huku anamega, "ugonjwa huingilia huku. Kule unatokea tu."

Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa, na Tabibu akampiga mgongoni kwa mkono wa kushoto bila kuacha tonge la mkono wa kulia.

Mimi wakati huo nilikuwa sicheki. Nilikuwa natajirika.

Serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi kununua kahawa. Zamani ilikuwa chama cha ushirika tu, unapeleka kahawa na unasubiri. Mara ikawa kila mwenye mzani na mdomo anaweza kununua. Mimi mdomo nilikuwa nao, mzani nikautafuta. Wenzangu walikuwa wanajadiliana kama ruhusa hiyo ni ya kweli, na mimi nilikuwa nimeshafika mlango wa tano. Niliamka kabla ya jogoo, nikazunguka mpaka jua linaelekea kuzama, na sikutia kitu mdomoni. Nilijivunia hilo. Niliwaambia watu, "Simba haendi mawindoni ameshiba." Jioni nilikunywa soda mbili kwa mpigo, halafu nikala nyama ya kuchoma peke yangu, na bia juu yake. Nilijiona mwanamume.

Ndipo kikaanza kipandauso.

Asiyekijua namwonea wivu. Kwanza naona kitu kinametameta pembeni ya jicho, kina meno kama msumeno, na kinakua. Halafu nusu ya dunia inafutika. Halafu nusu ya kichwa inaanza kupigwa nyundo, jua linakuwa adui, hata harufu ya kahawa, ambayo ndiyo ugali wangu, inanitapisha. Siku moja pale Kitai, watu wamejipanga na magunia, msumeno ukaja. Nilikuwa naongea na mzee mmoja, nikamwona upande wa kulia tu. Sharubu nusu, kofia nusu. Nikampa mkono mahali ambapo hakuna mkono. Kisha nikainama nikatapika, na viatu vilivyokuwa karibu vilikuwa vya bwana shamba, vipya.

"Huyu amelewa saa tano asubuhi," akasema mnunuzi mwenzangu, kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni.

"Hakulewa," akasema mama mmoja. "Huyu wamemtupia kitu."

Sijui lipi lilikuwa baya zaidi. Mkulima hampi kahawa yake mlevi, na hampi mtu aliyerogwa, asije akaondoka na baraka ya shamba. Foleni ile ilihamia kwa mwenzangu magunia na yote. Nikajua kichwa hiki kikiendelea hivi, nitarudi kwenye jembe kabla msimu haujaisha.

Nikaenda kwa mpiga ramli. Akatikisa vitu vyake, akaniambia yupo ndugu anayeweka kitu kwenye mboga. Nikampa mbuzi. Toka siku hiyo nikaacha kukanyaga sengu. Nikimwona mama mdogo anabeba sahani navuka barabara. Kwa hiyo nikazidi kushinda na njaa, na kichwa kikazidi kuuma, na kila kilipouma nilisema, mnaona? Uchawi wao sasa unafika hata nisipokula! Akili ya darasa la nne, bwana, ikiamua kwenda inakwenda na breki haina.

Mwishowe, kwa aibu, nikaenda zahanati.

"Shikamoo, Bwana Tabibu."

"Marahaba, Tajiri. Umekula?"

"Kichwa ndicho kinauma."

"Nimekuuliza kichwa?"

Nikamweleza yote, pamoja na mbuzi. Alisikiliza amefumba macho. Kisha akanipa daftari la shule, akasema niandike kila siku nimekula nini, saa ngapi, na kichwa kimeuma lini. Nikamwambia mimi na kalamu hatuelewani. "Basi chora," akasema. Nikachora. Duara ni ugali. Chupa ni soda. Msumeno ni kichwa. Siku nisipokula niliacha pengo.

Baada ya mwezi alilifungua mezani, akaweka kidole kwenye msumeno wa kwanza, akakirudisha nyuma. Pengo. Msumeno wa pili. Pengo, halafu chupa mbili. Wa tatu hivyohivyo. Siku chache msumeno ulikuja bila pengo, na hizo alizizungushia mstari, akasema hizo hazijui, asinidanganye. Lakini nyingi zilikuwa zimejipanga kama watu wa foleni yangu.

"Mchawi wako huyu hapa," akasema. "Anaitwa saa sita bila kula."

"Tumbo na kichwa vinahusianaje?"

Hapo akakaa vizuri. Hakuna kitu alichokipenda kama kuulizwa hivyo.

"Mwili ni ofisi, Tajiri. Una matarishi, wanaitwa homoni. Hawana amri, wanabeba barua tu ndani ya damu. Ukila, sukari inapanda, kongosho linamtuma tarishi wa kwanza, insulini. Anagonga milango: fungueni, chakula kimefika! Usipokula, anatumwa mwenzake, glukagoni. Huyo anakwenda kwenye ini kuomba akiba. Wanapokezana vizuri, ukiwapa saa. Wewe huwapi saa. Unamtembeza huyu wa pili mchana kutwa mpaka viatu vinaisha. Halafu unamwaga soda mbili kwa mpigo. Yule wa kwanza anatoka mbio, anagonga milango yote kama mtu aliyeona moto. Sukari iliyopanda kwa fujo inashuka kwa fujo."

"Na kichwa?"

"Kichwa hakina ghala. Kinakula cha siku hiyohiyo. Kichwa cha mtu mwingine kikikosa kinanung'unika. Chako kimezaliwa kikorofi, kikicheleweshewa kinapindua meza. Vitabu navyo havijamaliza kueleza. Nakuambia ninachokiona kwenye daftari lako."

"Kwa hiyo dawa ni ipi?"

"Hizi asprini, ukiona tu msumeno, meza haraka, na ule kitu kidogo nazo zisikuchome tumbo. Ya pili, kula asubuhi, kula saa saba, kula jioni. Soda acha. Saa saba unakula wapi?"

"Sina pa kula. Sengu siendi. Wataniua."

Tabibu akaitoa saa yake, akaiangalia, akairudisha mfukoni.

"Nitaonja mimi kwanza," akasema.

Nikadhani utani. Kesho yake saa saba kamili alinikuta barabarani, akanishika mkono kama mtoro wa shule, tukaingia sengu. Sahani zikaja. Wazee wananitazama, maana nilikuwa sijaonekana tangu kupalilia. Tabibu akatangaza bila kupunguza sauti: "Kwa sababu za kitabibu, mimi nitaonja kila sahani kabla ya kijana wenu."

Baba yangu akasimama. Sijawahi kumwona baba akisimama mbele ya chakula.

"Mwanangu," akasema, "umeleta mwonjaji kwenye sengu ya babu yako?"

Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Kwetu mtu anaweza kuiba ndizi akasamehewa. Lakini kusema mbele ya wote kwamba sahani ya mama mdogo wako ina sumu, hilo si la kulipa beberu mmoja. Ningeweza kutolewa kwenye ukoo. Kichwa kikaanza kunipiga palepale, na siku hiyo nilikuwa nimekula asubuhi.

Aliyeniokoa alikuwa mdogo wake babu, mzee asiye na jino hata moja. "Mwache," akamwambia baba. "Huyu Tabibu miaka yote anakula bure. Leo amepata kazi."

Mmoja akacheka puani. Halafu wote. Baba akakaa, ingawa hakunitazama mpaka msimu ukaisha. Tabibu akaonja. Akaonja ugali, akaonja maharage, akaonja mboga za maboga za mama mdogo mara tatu, akasema sampuli ya kwanza haikutosha. Akaonja kesho, na keshokutwa. Wake za ukoo walianza kushindana, huyu anaongeza karanga, yule anachinja kuku, kila mmoja anataka sahani yake itangazwe kuwa salama. Sengu yetu haijawahi kula vizuri kama mwaka ule nilioituhumu.

Kichwa kilipungua. Sisemi kiliisha, Tabibu angenigombeza. Kilikuwa kila wiki, kikawa mara moja baada ya mwezi, mara nyingine miwili. Nikarudi Kitai nimeshiba, nikamwona kila mtu mzima, sharubu zote mbili. Yule mnunuzi mwenzangu sasa anauza mitumba. Simsemi vibaya, mitumba nayo ni kazi.

Msidhani ni mimi tu. Mjini kulikuwa na mwenye duka mmoja, Mwislamu, wazee wake walitoka pwani. Kila Ramadhani siku tatu za kwanza kichwa kilimlaza, duka linafungwa. Tabibu hakumwambia asifunge. Alimwambia wiki mbili kabla ya mwezi aanze kupunguza kahawa kikombe kwa kikombe, na daku aile kwa kuchelewa na kwa uzito, asiridhike na tende na maji. Duka likabaki wazi. Yule bwana alisema Tabibu ni shehe wa tumbo. Kwetu Wakatoliki alihangaika zaidi, maana wakati wa Kwaresima alikwenda kujadiliana na Padre kama mgonjwa wa kipandauso anaweza kufunga kwa kula kidogo kwa saa maalumu badala ya kutokula. Padre alisema atafikiri. Alifikiri mpaka Pasaka.

Na alikuwa na vituko vyake ambavyo sikuvielewa. Mtu aliyenikataza soda alitia vijiko sita vya sukari kwenye chai. Alichoma watu sindano siku nzima, lakini siku ya kuchomwa yeye chanjo alishikwa na wanaume wawili, na mimi ni mmoja wao. Nyumba yake ya serikali pale zahanati ilikuwa na jiko safi kuliko majiko yote ya kijiji, halina hata jivu. Nililisifia siku moja. "Usafi ni nusu ya tiba," akasema, akabadilisha mazungumzo. Mke wake alikuwepo, tulisikia, huko chini ziwani, ila baridi ya Umatengo ilimshinda. Alikuja mara moja, akakaa wiki mbili ndani ya blanketi, akateremka.

Alipostaafu tulimchangia mbuzi na godoro, akashuka kwao Nyasa. Mimi nikaendelea kukua. Nilijenga, nikaoa, nikanenepa. Baba alipofariki, sengu ikaja kwangu. Kichwa kikija mara mojamoja, nilimkumbuka nikameza asprini. Kwenda kumwona nilisema nitakwenda mwakani. Hiyo mwakani niliisema miaka saba.

Juzi nilikuwa na safari ya kutafuta mchele huko ziwani. Nikapita Kihagara, gari langu lina kiyoyozi, nikauliza kwa Tabibu ni wapi. Wakanionyesha nyumba ya bati chini ya barabara, ziwa linang'aa nyuma yake mpaka unafumba macho. Saa nane mchana. Madirisha yamezibwa kwa blanketi.

"Hodi. Shikamoo, Bwana Tabibu."

"Marahaba. Funga mlango, jua."

Nikaingia gizani. Macho yalipozoea nikamwona amekaa kitandani, mwembamba zaidi, na kitambaa cheupe kimekazwa kichwani mpaka nyusi zimepanda. Nikasimama. Miaka yote ile, kitambaa kile, na benchi la mwisho kanisani, na ubani.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Tangu nikiwa na miaka kumi na miwili," akasema. "Unafikiri nilijifunza kitabuni?" Kisha akanitazama tumbo. "Umenenepa, Tajiri. Daktari mmoja kijana alipita hapa, ameniambia wamegundua matarishi wengine. Mmoja anatoka kwenye mfuko wa tumbo, anapiga kelele ya njaa. Mwingine anakaa kwenye mafuta, kazi yake kusema tumeshiba. Wote barua zao zinafika kichwani. Nani anachokoza nini, bado wanachunguza."

"Huyo wa kwenye mafuta, mimi ninao wengi."

"Wengi sana. Wanasema wakizidi, kichwa kinaacha kuwasikiliza."

Nikacheka, yeye akashika kichwa. Nikapunguza sauti. Nikatazama upande wa jiko. Lilikuwa safi. Halina hata jivu.

"Bwana Tabibu, umekula?"

"Nimekunywa chai."

Alijua jibu lake, na mimi nilijua jibu lake, na hakuna aliyethubutu kulisema. Mke wake, akanieleza, alifariki mwaka wa juzi. Watoto wako Dar es Salaam. Kupikia mtu mmoja kunachosha. Anakula akikumbuka.

"Na kule kwetu nani alikuwa anakupikia?" nikauliza, na kabla sijamaliza kuuliza nikajua. Mganga mgeni, Mnyasa kati ya Wamatengo, kichwa kikorofi, jiko halina jivu, na zamu za vyoo kila saa saba, ukoo hadi ukoo, asimchoshe mtu.

"Sikuja kuonja sumu, kijana," akasema. "Nilikuja kula."

Nilitoka nje. Mimi ni mtu wa kuamrisha, ndiyo kazi ninayoiweza. Nyumba ya pili nilimkuta mama mmoja anageuza usipa juani, vile visamaki vidogo vya ziwa, nikamwomba kwa heshima zote, na heshima ninazo nikitaka. Haikupita muda akaleta ugali wa muhogo unatoa moshi, na usipa wa nyanya. Nikaiweka sahani kwenye kigoda mbele ya Tabibu. Maji akanawa. Halafu akarudisha mikono magotini, akanitazama kwa jicho moja, lile lisilouma.

"Onja wewe kwanza," akasema.

Nikaonja. Nikaonja tena, sampuli ya kwanza haikutosha. Alinipiga kibao mkononi, akavuta sahani kwake, na akala. Alikula polepole, kama mtu anayemsikiliza mtu wa chumba cha pili. Nilimsubiri mpaka akafika nusu ya sahani.

"Bwana Tabibu," nikamwambia, "nyumbani kwangu sengu ni kubwa sasa. Wanaume kumi na mmoja. Ila tangu uondoke, vyoo havijakaguliwa."

Akatafuna. Akameza. Akaingiza mkono mfukoni, akaitoa ile saa, akaisogeza kwenye upenyo wa blanketi apate mwanga.

"Mnapakua saa ngapi?"

"Saa saba. Ya leo imepita, ya kesho tunaiwahi."

Akavaa viatu.